Sahihi ya Sia kwenye Fomu ya Mapitio

Sia Mlay alikuwa mwoga tangu utotoni, na mwenyewe hakuwahi kulificha jambo hilo. Kwao Marangu aliogopa radi, aliogopa mbwa wa jirani, aliogopa hata kupeleka daftari kwa mwalimu kabla hajairudia kila hesabu mara tatu. Ndugu zake walimcheka. Lakini woga huohuo ndio uliokuja kumpa kazi. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, na alipomaliza aliajiriwa kusoma programu walizoandika wengine, kutafuta makosa kabla hayajawafikia watu. Kazi hiyo ilimfaa. Anayeogopa kukosea huangalia mara mbili.

Mwaka 2014 kampuni yake ilimpeleka Kigoma. Ilikuwa kampuni ndogo ya watu wanane, ofisi yake ghorofani, dirisha moja likitazama bandari. Sia alipanga chumba Buzebazeba, akajifunza kula dagaa na kusalimia kwa Kiha, akazoea. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, kupitia dirisha lile, aliona meli ikishusha watu kutoka Burundi: akina mama wenye magodoro kichwani, wazee waliobebwa mgongoni, watoto waliokaa kimya kuliko watoto wanavyokaa. Uwanja wa mpira ukajaa. Kisha mabasi yakawachukua kwenda makambini, na mji ukarudi kwenye shughuli zake.

Miaka miwili baadaye watu wale walirudi mbele yake kwa namna nyingine, kama majina kwenye kompyuta. Shirika moja la misaada liliipa kampuni kazi ya kutengeneza mfumo wa orodha za kambi. Kila familia ilikuwa na kadi. Siku ya mgao karani aliiweka kadi kwenye mashine, majina yakatokea kwenye skrini, na waliotokea wakapimiwa unga, maharage na mafuta. Asiyetokea hakupimiwa.

Tatizo lilikuwa kwamba wakati wa msongamano wa mwanzo, watu wengine waliandikishwa mara mbili. Tena kila karani aliandika majina kivyake. Jina kama Ntakarutimana lilionekana kwa tahajia nne tofauti. Kwa hiyo mwandishi mmoja wa programu, kijana mpole aitwaye Oswald, alipewa kazi ya kutengeneza sehemu ya kutafuta walioandikwa mara mbili na kumwondoa mmoja.

Kampuni ilikuwa na utaratibu mzuri kwenye karatasi. Sehemu yoyote ya programu ilipokamilika, watu watatu walikaa mezani. Mwandishi aliisoma kazi yake mstari kwa mstari, Sia akauliza maswali, wa tatu akaandika kasoro zilizoonekana. Baada ya hapo programu ilijaribiwa kwa majina ya mfano. Kasoro zote zilipofungwa ndipo Sia alipotia sahihi kwenye fomu ya mapitio, na bila sahihi hiyo hakuna kilichotoka ofisini.

Ijumaa moja ya Agosti mwaka 2017, kazi ya Oswald ilimfikia Sia saa nne asubuhi. Gari la kambini lilikuwa linaondoka saa sita.

Meneja wao, Walter, alisimama mlangoni. "Dada Sia, hii ni fupi, kurasa nne tu. Oswald ameijaribu mwenyewe. Tia sahihi iondoke na gari, Jumatatu tutakaa tuipitie vizuri."

"Lakini fomu inauliza kama kikao kimefanyika."

"Kitafanyika. Wewe andika."

Sia aliandika. Kikao kimefanyika: ndiyo. Majaribio yameonekana: ndiyo. Akatia sahihi, na saa sita programu ikaondoka na gari. Jumatatu Oswald aliamka na malaria. Jumatatu iliyofuata alikwenda kwao Songea kwa likizo. Kikao hakikukaa, na kidogokidogo Sia akajizoesha kutokukikumbuka.

Wiki tano baadaye, siku ya Jumatano, barua ililetwa kutoka kwenye shirika. Jumatatu inayokuja angefika mkaguzi wa ubora kutoka Dodoma, aitwaye Bwana Hamdani. Hakuwa anakuja kuandika programu wala kuipitia. Alikuwa anakuja kuhakikisha kwamba kila walichosema wamefanya, walikifanya kweli. Aliomba fomu zote za mapitio pamoja na kumbukumbu za vikao.

Walter alifunga mlango wa chumba chake. "Tuna fomu ishirini na mbili. Ishirini na moja zina kumbukumbu. Moja haina, unaijua. Kaa leo uandike kumbukumbu za kikao cha Agosti. Kasoro mbili tatu ndogo, tuziandike kwamba zilirekebishwa. Mimi na wewe tutatia sahihi, Oswald atatia akirudi."

Sia alitoka chumbani. Alirudi mezani kwake, na kwa kuwa hata uongo alitaka kuuandika bila makosa, akafungua zile kurasa nne za Oswald ili apate kasoro za kuaminika.

Hakuhitaji kubuni kasoro. Kwenye ukurasa wa tatu aliona kanuni yenyewe. Oswald aliona majina hayaaminiki, akayaacha kabisa. Programu yake iliangalia mambo matatu: mama, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Watu wawili wakiwa na mama mmoja, jinsia moja na tarehe moja ya kuzaliwa, programu ilihesabu kwamba ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Wa pili aliondolewa.

Sia alisoma mara ya pili, kisha mara ya tatu. Ndipo akasema peke yake, kwa sauti, "Mapacha."

Huko Burundi, kama kwa Waha, mapacha hupewa majina yao maalumu: wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi. Mtoto wa darasa la kwanza pale Ujiji angejua kwamba Bukuru na Butoyi ni watoto wawili. Programu haikuwa imeambiwa. Ilikuwa imewahamishia walioondolewa kwenye faili la pembeni ambalo hakuna aliyelifungua. Sia akalifungua. Alipowatoa walioandikwa mara mbili kweli, yalibaki majina mia moja arobaini na matatu, na kila alipoteremsha macho aliona jina lilelile: Butoyi, Butoyi, Butoyi.

Kesho yake asubuhi alimpelekea Walter ile orodha. Walter aliipitia mpaka jina la mwisho.

"Tutarekebisha," Walter alisema. "Ila baada ya ukaguzi. Kimyakimya."

"Kaka Walter, hawa wamekosa mgao mara moja. Jumanne ijayo kuna mwingine."

"Na ukaguzi ni Jumatatu! Tukigusa mfumo sasa hivi, mkaguzi ataona umeguswa, atauliza kwa nini. Unadhani mimi siogopi? Tuko watu wanane hapa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na sahihi, dada, si yangu. Ni yako."

Siku nzima Sia aliyarudia maneno hayo kichwani. Aliwaza polisi. Aliwaza baba yake akisoma jina lake gazetini. Hata hivyo Ijumaa ilikuwa zamu ya gari la kwenda kambini kuhudumia mashine, na Sia akaomba aende. Hakumwambia mtu sababu. Moyoni alitumaini ataambiwa kwamba makarani walikwisha kuliona kosa na kulitengeneza kwa mkono.

Kambini alikutana na Leonia, Muha mtu mzima aliyekaa dawati la malalamiko. Leonia alijua Kirundi kama alivyojua Kiha, na watu walimzoea.

"Mapacha?" Leonia alisema. "Wiki ya mgao walikuja akina mama wanne. Nikaandika, nikapeleka juu. Halafu wakaacha kuja."

"Kwa nini waliacha?"

Leonia alitazama huku na huku kabla ya kujibu. "Siku hizi kila mtu anazungumzia kurudishwa Burundi, mwanangu. Kumezuka maneno kwamba asiyetokea kwenye skrini, jina lake limeshavuka mpaka, na mwenyewe atapelekwa kulifuata. Si kweli. Lakini nani atakubali kwenda kujaribu?"

Akampeleka kwa mmoja wa wale wanne. Jina lake Astérie Ndayikunda, mjane wa miaka thelathini hivi, mwenye watoto mapacha wa kiume wa miaka minne. Aliishi kwenye kibanda cha tofali mbichi chenye turubai. Walimkuta mlangoni akichambua maharage. Pembeni yake alikaa mtoto mmoja, amevaa shati jekundu lililompwaya.

"Amahoro, mama," Sia alisalimia.

"Amahoro," Astérie alijibu, macho yake yakiwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Sia.

"Natoka Kigoma, kwa watu wa kompyuta. Nimekuja kuuliza habari za watoto wako wawili."

Mkono wa Astérie ulisimama juu ya maharage. "Nina mmoja."

"Kwenye karatasi za mwanzo mlikuwa na Bukuru na Butoyi."

"Nina mmoja tu. Huyu. Bukuru."

Leonia akainama, akasema naye kwa Kirundi, polepole. Astérie akatikisa kichwa. "Oya. Ni mmoja. Karani alikosea." Aliongea upesi, kisha akamvuta yule mtoto mpaka katikati ya magoti yake.

Ndani ya kibanda, nyuma ya kitenge kilichotundikwa, mtoto akakohoa.

Leonia akageuka kutazama kitenge. Kikohozi kikaja tena, safari hii kimezibwa, kama cha mtoto aliyefundishwa kujiziba mdomo kwa kiganja. Astérie hakugeuka. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, na akaendelea kusema, "Mmoja. Nina mmoja."

Njiani kurudi dawatini Leonia alimweleza Sia kile ambacho majirani walikijua. Watoto wale walitoka nje kwa zamu, siku moja huyu, siku nyingine yule, na shati lilikuwa hilohilo moja jekundu. Wote wawili walifundishwa kuitika jina la Bukuru. Posho ya watu wawili walikula watatu. Butoyi alikuwa amekonda zaidi, kwa sababu ndiye aliyekohoa na mama aliogopa kumpeleka zahanati, ambako wangedai kadi.

Sia aliingia ndani ya gari akakaa. Siku zote alikuwa ameogopa kukosea. Hakuwahi kuwaza kwamba kosa lake lingeweza kuwa na kikohozi.

Jumatatu saa tatu Bwana Hamdani alifika. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, mpole wa sauti, mwenye miwani aliyoifuta kila mara. Sia alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye makaratasi. Walter alikuwa amekwisha kuchapa zile kumbukumbu za Agosti na kuziweka mbele ya Sia zikisubiri sahihi yake. Kwenye mkoba wake, Sia alikuwa na karatasi nyingine, aliyoiandika Jumapili baada ya ibada: ukurasa mmoja, na nyuma yake majina mia moja arobaini na matatu.

Bwana Hamdani alizipitia fomu moja baada ya nyingine. Kwa kila fomu aliuliza mambo yaleyale: nani alikuwepo, lini, mliona nini. Ilipofika ya ishirini na mbili, Sia alikuwa akiiwaza ile karatasi iliyo mkobani hata hakusikia swali.

"Nimeuliza," mkaguzi alirudia, "hii ya mwisho, sehemu ya kuondoa walioandikwa mara mbili. Kumbukumbu za kikao ziko wapi?"

Walter alizisogeza zile karatasi zilizochapwa. "Zilichelewa kutiwa sahihi tu. Dada Sia atatia sasa."

Kalamu ilikuwa mezani. Sia aliitazama. Baadaye alisimulia kwamba hakujisikia shujaa hata kidogo. Akafungua mkoba, akatoa ile karatasi yake, akaiweka juu ya zile za Walter.

"Kikao hakikufanyika," alisema. "Niliandika ndiyo, nilidanganya. Sikuisoma programu. Ina kosa, na kosa limewaondoa watoto kwenye orodha. Majina yao yapo nyuma."

Walter akasema, "Sia!"

Bwana Hamdani alisoma ukurasa wa mbele, akageuza, akasoma majina yote, kidole kikishuka polepole. Alivua miwani.

"Mgao unaofuata lini?"

"Kesho."

"Mfumo unaweza kusimamishwa leo, kambi ikatumia orodha ya zamani?"

"Unaweza. Ni kazi ya nusu saa."

"Basi kausimamishe kwanza. Mengine tutaongea ukirudi." Sia alipokuwa ananyanyuka, mkaguzi akaongeza, bila ukali, "Umechelewa wiki tano, binti. Nitaliandika hilo pia."

Kabla ya adhuhuri orodha ya zamani ilikuwa imerudishwa. Sia alimpigia simu Leonia kumpa habari hiyo, akitegemea furaha.

"Astérie hayupo," Leonia alisema. "Kibanda ki wazi. Majirani wanasema aliondoka jana alfajiri na watoto wote wawili. Alisema watu wa kompyuta wameshakuja kumhesabia watoto."

Sia aliweka simu chini. Alielewa kwamba ni yeye aliyemkimbiza. Alikwenda pale na kitambulisho shingoni, akataja majina ya watoto, akaondoka bila kueleza chochote, kwa sababu mwenyewe alikuwa anaogopa kusema kosa ni la nani.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Oswald aliitwa kutoka Songea. Alilia kama mtoto alipoonyeshwa ukurasa wa tatu. Walikaa mezani yeye, Sia na mtu mmoja kutoka shirika, wakaisoma programu mstari kwa mstari, wakaijaribu kwa mapacha, kwa watoto wa wake wenza wenye majina yanayofanana, kwa yatima walioandikiwa mama mlezi mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa. Yatima nao, ilionekana, wangefutwa. Watoto mia moja na thelathini na sita walirudi kwenye orodha na kupewa posho yao. Saba hawakuonekana. Miongoni mwao alikuwa Butoyi.

Kila Jumamosi Sia alikwenda Kibirizi, kwenye vichanja vya dagaa, akiuliza kwa wanawake waliokuwa wakianika kama wamemwona mama wa Kirundi mwenye mapacha. Wengi walimtazama kwa mashaka wakaendelea kuanika. Aliogopa kuuliza kwa sauti, asije akamletea mwenzake askari, maana mkimbizi aliyetoka kambini bila kibali aliweza kukamatwa. Aliogopa pia asipouliza. Kila boti iliyoondoka kuelekea kaskazini aliifuata kwa macho mpaka ipotee.

Katikati ya Novemba Leonia alipiga simu. Ndugu yake wa Kalinzi, kijiji cha milimani, alikuwa na kibarua mpya wa kupalilia maharage, mwanamke asiyetaka kutaja alikotoka. Ana watoto wawili, hawafanani na mtu mwingine ila wao kwa wao.

Walipanda Kalinzi kwa bodaboda mbili, Leonia akiwa na barua ya ofisi ya kambi kwamba mama yule hatachukuliwa hatua. Sia hakuvaa kitambulisho. Astérie alikuwa kwenye mteremko kati ya mibuni. Alipowaona alidondosha jembe, akamkwapua mtoto mmoja, akamshika mwingine mkono, akaanza kukimbia kuteremka.

"Ntutinye!" Leonia alipiga kelele. "Usiogope! Astérie, ni mimi!"

Hakusimama kwa ajili ya maneno hayo. Alisimama kwa sababu Butoyi alishindwa kukimbia, akakaa chini akikohoa, na mama hakuweza kuwabeba wawili.

Sia alifika akihema, akapiga magoti mbali kidogo naye. Safari hii alisema yote. Alisema programu ilikosea, kwamba kazi yake yeye ilikuwa kuliona kosa hilo na hakulitazama, kwamba alitia sahihi bila kusoma. Leonia alifasiri pale Kiswahili kilipomshinda Astérie. Kisha Sia akatoa karatasi iliyochapwa, yenye majina matatu: mama na watoto wawili.

Astérie hakujua kusoma vizuri, ila alipitisha kidole juu ya mistari, akihesabu. Mmoja, wawili, watatu.

"Wewe ndiye uliyemfuta," alisema.

"Yego," Sia alijibu. "Ni mimi."

Astérie akaikunja ile karatasi. "Na kesho mashine ikikosea tena?"

Sia alitaka kumwahidi, akaacha. "Sijui," alisema. "Nitakuwa naisoma."

Astérie alikubali kurudi, si kwa sababu aliamini, bali kwa sababu ya kikohozi. Butoyi alitibiwa wiki tatu hospitalini, akapona, ingawa kifua chake kilibaki dhaifu. Katika wale sita wengine, wawili walionekana mwaka uliofuata. Wanne hawajulikani walipo hadi sasa, na majina yao Sia anaweza kuyataja kwa kichwa.

Ripoti ya Bwana Hamdani iliandika kila kitu, pamoja na sahihi ya uongo na aliyeikiri. Walter aliondolewa kwenye mradi. Mkataba wa Sia haukuongezwa. Miezi minne alikaa Buzebazeba bila kazi, akishtuka kila pikipiki iliposimama nje, akidhani ni wito wa mahakama. Wito haukuja. Ilikuja barua kutoka kwenye lile shirika, ikimwomba asimamie mapitio ya programu zao katika kambi zote za mkoa. Alijifungia ndani siku mbili kabla ya kujibu.

Yuko kwenye kazi hiyo mpaka leo. Waandishi wa programu wanamlalamikia kwamba ni mzito, kwamba anarudisha fomu kwa ajili ya mstari mmoja, kwamba gari likisubiri barabarani yeye ndiyo kwanza anaketi na kuanza kusoma upya. Hawabishii. Na kila anaposhika kalamu kutia sahihi bado huogopa, wala hajaribu kuuzuia woga huo.